Neno Alilokatishwa Mbonea

Hadithi ipo mlangoni!

— Ifungulie!

Inaingia na nani?

— Na watu wake!

Masikio?

— Haya hapa!

Midomo?

— Tumeifunga!

Aa! Nani kawaambia mfunge midomo? Ifungueni. Hii si hadithi ya kusikilizwa kwa mdomo uliofungwa. Nikikosea nikosoeni, nikiongopa niambieni. Mkinyamaza nitajua mmelala, na mimi leo sikuja kumbembeleza mtu alale. Leo nimekuja na hasira.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yake bibi yangu aliikuta imeshapita, palikuwa na nchi iliyoitwa Milongwe. Milima juu, bonde chini. Juu ukungu, chini vumbi. Mfalme wao walimwita Mfumwa, na Mfumwa wa siku hizo alikuwa Kadeghe. Hakuwa mtu mbaya. Mtu mbaya unamjua mapema ukajikinga naye. Kadeghe alikuwa mtu wa kuuliza swali moja, kwa mtu mmoja, kisha anakwenda zake kula.

Basi mvua zikagoma bondeni. Mwaka wa kwanza watu wakavumilia. Mwaka wa pili wakauza mbuzi. Mwaka wa tatu Mfumwa akasema, "Tujenge bwawa kule juu, mto unapotoka msituni. Tuzuie maji kwa ukuta, kisha tuyashushe kwa mfereji mpaka mashambani." Neno zuri. Neno la mfalme. Wakaitwa watu arobaini, wanaume kwa wanawake, na juu yao akawekwa nyapara, jina lake Semboja.

Mnataka kujua Semboja alichaguliwaje? Mfumwa aliwapanga watu arobaini na mmoja katika mstari mmoja. Akatazama nani mrefu kuliko wote. Akasikiliza nani ana sauti kubwa kuliko wote. Akasema, "Huyu." Basi. Mnaguna? Guneni, mnayo haki.

Katika wale arobaini alikuwamo mwanamke mmoja, Nakijwa, mbeba udongo. Kikapu kichwani, kupanda, kushuka, kupanda, kushuka. Alikuwamo pia kaka yake, Mbonea, mchimbaji. Wazazi wao walikufa mapema, na Mbonea ndiye aliyemlea dada yake. Alimpikia, akamsuka nywele kwa vidole vyake vinene, akamfukuzia fisi. Mtu mpole. Ila alikuwa na kigugumizi. Neno likitaka kutoka linakwama kooni, linagonga, linagonga, na yeye anafumba macho kama mtu anayesukuma jiwe.

Ukuta ukaanza kupanda. Watu wanabeba, Semboja anapiga kelele. Siku moja Mbonea akaacha jembe, akamwendea Semboja.

"Bwana nyapara. U-u-ukuta huu. Chi-chi-chini yake kuna m-m-m..."

"Kuna mama yako?" akasema Semboja. Akacheka peke yake, mpaka wengine nao wakaona wacheke. "Kachimbe!"

Mbonea akarudi akachimba.

Siku ya pili akamwendea tena, mbele ya watu wote, wakati wa uji. "Bwana nyapara, ni-ni-nilichunga mbuzi hapa. Chi-chini kuna m-m-m..."

"M-m-m!" wakaitikia watu, kama mbuzi. Wachimbaji wenzake hao. Waliokula naye sufuria moja. Wakacheka mpaka uji ukawapalia.

Mbonea akarudi akachimba.

Siku ya tatu hakumwendea Semboja. Alimwendea dada yake. Akamshika mkono, akamwonyesha chini ya ukuta upande wa mashariki, macho yamemtoka. "Nakijwa. Si-si-sikiliza. M-m-m..."

Watu walikuwa wanatazama. Midomo imeshaanza kupinda, tayari kucheka. Na Nakijwa, aliyesukwa nywele na vidole vile vinene, akaona haya. Akauchomoa mkono wake.

"Nyamaza, kaka. Usituaibishe."

Mbonea akanyamaza. Akarudi akachimba.

Wewe unayetikisa kichwa, usimtikisie Nakijwa peke yake. Kumbuka ni nani uliyemwambia hivyo wiki iliyopita.

Siku ya nne ukuta ulifikia urefu wa watu wawili, na maji yakapanda nyuma yake, ya kahawia, yametulia. Asubuhi tu, jua halijawa kali. Mbonea alikuwa chini ya ukuta, upande wa mashariki, anachimba mwanzo wa mfereji. Nakijwa alikuwa juu, kikapu kichwani. Akasikia sauti kama mtu mkubwa anavuta pumzi. Akaona ukuta unakaa chini. Haukuanguka. Ulikaa, kama mzee aliyechoka, kisha maji yakapita juu yake yote kwa pamoja.

Walimpata Mbonea mchana, mbali, kwenye mawe. Jembe lilikuwa bado mkononi.

Mfumwa Kadeghe akaja. Alikuja, ndiyo, sisemi hakuja. Akasimama mbele ya ule ukuta uliokaa, akauliza swali moja, kwa mtu mmoja.

"Semboja, imekuwaje?"

Semboja akainamisha kichwa kwa huzuni nzuri sana. "Mfumwa, ni huyu marehemu. Alichimba vibaya, akaukata ukuta miguu. Nilimkanya. Lakini hawa watu, Mfumwa, unawajua. Bila jicho langu hawawezi hata kuvuka kijito."

Watu arobaini walikuwa pale. Nisameheni, thelathini na tisa. Wote walisikia. Wote walijua. Hakuna aliyefungua mdomo. Nakijwa aliufungua wake, lakini kilichotoka ni hewa tu.

"Zimebaki siku kumi," akasema Mfumwa. "Mbegu zilizobaki tusipozipanda ndani ya siku kumi, tunahama. Na mkituhamisha, wazee wetu hawatafika tunakokwenda, wala watoto wa mgongoni. Mmenisikia?" Akaenda zake.

Wakamzika Mbonea. Watu wakarudi nyumbani. Nakijwa hakurudi. Alipanda mpaka kwenye ukuta uliovunjika, upande wa mashariki, pale kaka yake alipomwonyesha kwa kidole. Akapiga magoti. Akachimba kwa mikono. Udongo. Akachimba. Udongo. Akachimba mpaka kwapani, akaleta kiganja juu, akakifungua.

Mchanga.

Mchanga mweupe, laini, wa mto. Pale palikuwa na korongo la zamani, mto ulipita hapo kabla haujahama. Mchunga mbuzi angejua. Nyapara mwenye sauti kubwa asingejua. Ukuta mzima ulijengwa juu ya mchanga, na maji yalikuwa yanapita chini yake taratibu, siku hadi siku, yanaula.

"M-m-m," akasema Nakijwa peke yake. "Mchanga. Neno moja tu. Alikuwa anawadai pumzi mbili, hawakumpa. Na mimi sikumpa."

Jamani, hasira ikamshika. Si ile hasira ya kupiga kelele inayokwisha ukinywa maji. Hii iliingia ikakaa, ikavua viatu. Akaikasirikia sauti ya Semboja, akamkasirikia Mfumwa na swali lake moja, akawakasirikia wote waliolia kama mbuzi. Zaidi ya wote akajikasirikia mwenyewe. Na humo ndani ya hasira likamjia swali. Kama Mbonea alikuwa na neno lake kooni, hawa wengine wana nini?

Akaenda kuuliza.

Akaanza kwa Bibi Namkunda, mfinyanzi, aliyeletwa kazini kupika uji kwa kuwa ni mzee. "Bibi, ukuta ule unauonaje?"

Bibi Namkunda akasema, "Udongo mnaobeba ni wa kupandia viazi, mwanangu. Haushiki maji. Udongo unaoshika maji uko kule kwenye kichuguu, mwekundu, unanata kama ugali. Nimefinyanga vyungu miaka arobaini."

"Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?"

Akaenda kwa Sangiwa, mwenye mguu mmoja mfupi, mtu wa kununa. "Kaka Sangiwa, na mfereji?"

"Mfereji unapanda," akasema Sangiwa. "Pale kwenye mgomba wa kwanza unapanda kidogo. Macho yanakudanganya, lakini ukiweka bakuli la maji utaona. Maji hayapandi. Hata ukuta ungesimama, tungekuwa tumejenga bwawa la vyura."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema."

"Kwa nani?"

"Kwa mke wangu."

Akaenda kwa Kiondo, yule mchekeshaji, aliyekuwa wa kwanza siku ile kulia "m-m-m". Kiondo alipomwona mlangoni alitaka kukimbia. Nakijwa akamwambia, "Kaa. Sikuja kukudai. Nimekuja kukuuliza kazi inakwendaje."

Kiondo akatazama chini. "Kazi inakwenda ovyo. Wanaochimba asubuhi ndio hao hao jioni, na wengine wanalala kichakani. Mama Nampombe ana homa siku ya tano na bado anabeba mawe. Fue na ndugu yake hawasemezani, ukiwaweka pamoja kazi inakufa. Namjua kila mmoja, Nakijwa. Mchekeshaji anatazama nyuso. Ningepanga zamu, nikaimba majembe yakashuka pamoja, tungemaliza kwa nusu ya siku hizi."

"Mbona hukusema?"

"Nasema kila siku. Nasema kwa mzaha ili nisipigwe. Ninyi mnacheka."

Nakijwa akarudi nyumbani kwake akakaa kizingitini. Bwawa zima lilikuwa vichwani mwa watu. Ukuta, mfereji, zamu, vyote vilikuwapo tangu siku ya kwanza, na juu yake amekaa mtu mmoja mwenye mapafu makubwa.

Sasa mtu huyo ataondokaje? Umpige? Ana fimbo. Umsemee kwa Mfumwa? Mfumwa anamsikiliza yeye. Nakijwa akafikiri. Kesho yake akajipaka majivu ya msiba usoni, akaenda kwa Semboja, akapiga magoti mpaka paji la uso likagusa vumbi.

"Bwana nyapara, nimekuja kukuonea huruma."

"Mimi?"

"Wewe, bwana. Unajichosha, na Mfumwa haoni. Anadhani kazi inajiendesha yenyewe. Mimi nasema moyoni, laiti bwana nyapara angeugua siku tatu tu! Mfumwa angeona tunavyokwama. Tungekaa kama vifaranga mama amechukuliwa na mwewe. Ndipo angejua thamani yako. Angekuja mwenyewe kukuita."

Semboja akavuta ndevu. Akaliona jambo lile, akaliona tamu. "Siku tatu tu, mtakwama kabisa?"

"Bwana, siku moja inatosha. Nimesema tatu kwa heshima."

Jioni ile Semboja akaanza kukohoa. Kukicha homa imempanda, anatetemeka chini ya blanketi, mkewe anamchemshia supu. Akamtumia Mfumwa neno: *Naugua. Watazame hao bila mimi.*

Mnacheka sasa. Nakijwa hakucheka. Alijifuta majivu akapanda mlimani.

Akawakusanya watu, akakifungua kiganja, akawaonyesha mchanga. "Hili ndilo neno la Mbonea. Tulilikatisha sote, mimi nikiwa wa mwisho. Mnaweza kunichukia, mimi mwenyewe najichukia. Lakini leo hakuna atakayekatishwa. Bibi Namkunda, kwenye udongo wewe ndiye mkubwa. Sangiwa, mfereji ni wako. Kiondo, watu ni wako. Na mwingine yeyote mwenye jambo, aseme mpaka mwisho."

Fue, yule asiyesemezana na ndugu yake, akasema, "Nipangiwe na bibi wa uji?"

Wengine wakaguna naye. Majembe yakabaki begani. Bibi Namkunda mwenyewe akarudi nyuma hatua mbili, akashika mwiko wake. "Mwache, mwanangu. Mimi nitapika tu."

Hapo ndipo hasira ya Nakijwa ilipotoka. Akamfuata Fue mpaka wakagusana pua.

"Fue! Ulilia m-m-m wewe. Nilikusikia. Ulilia vizuri kuliko wote. Sasa kaka yangu yuko chini ya mawe, na bado unachagua mdomo wa kusikiliza? Huyu bibi anajua udongo. Wewe unajua nini? Kama unajua kumzidi, sema, tutakufuata wewe. Sema! Mbona nawe umepata kigugumizi?"

Fue akatazama mchanga ule. Kisha akageuka. "Bibi," akasema kwa sauti ndogo, "hicho kichuguu kiko wapi?"

Siku ya kwanza wakauhamisha ukuta hatua ishirini juu, kwenye mwamba mtupu. Bibi Namkunda akavua kanga ya begani, akaingia topeni mpaka magotini, akawafundisha kukanda. "Usipige kama unaua nyoka! Kanda kama unga!" Miaka arobaini ya vyungu ikatoka mikononi mwake. Jioni alikuwa amenyooka mgongo, na sauti yake ilifika ng'ambo ya mto.

Siku ya pili Sangiwa akatembea na bakuli la maji, anachechemea, analiweka chini, anachungulia, anaweka kigingi. Ulipochimbwa kwa kufuata vigingi vyake, mfereji ukashuka kama kamba. Kiondo akagawa zamu. Mama Nampombe akarudishwa kulala. Wimbo ukaanza, majembe yakashuka pamoja, yakapanda pamoja, yakashuka pamoja.

Lakini siku hiyo hiyo ya pili, sikilizeni, kwa kuwa sitaki mdhani Nakijwa alikuwa malaika. Mama mmoja, mtu kimya, jina lake Mche, aliweka jiwe mahali si pake. Nakijwa akamrukia. "Wewe! Huna macho? Toa! Nimesema toa!" Mche akalitoa jiwe, akarudi kwenye mstari.

Wimbo ukakatika. Kiondo akasema, bila mzaha, "Nakijwa. Sauti hiyo tunaijua."

Nakijwa akasimama. Uso ukamwaka. Akaketi chini penye tope, akafunika uso, akakaa hapo mpaka pumzi ikarudi mahali pake. Hasira yake ilikuwa kweli, na ilikuwa na haki. Lakini ilikuwa imeanza kuvaa nguo za Semboja. Akanyanyuka, akachukua kikapu chake cha udongo, akajitwika, akaingia kwenye mstari nyuma ya Mche.

Siku ya tatu wakaweka malango mawili ya magogo, yamezibwa kwa udongo mwekundu. Dogo pembeni, la kumwaga maji yakizidi. Kubwa katikati, la kuyapeleka kwenye mfereji. Sangiwa akawaambia wote: bwawa likijaa, lifunguliwe dogo kwanza, maji yapungue kiburi, ndipo kubwa. Kila mtu akarudia. Dogo kwanza. Na bwawa likajaa.

Siku ya nne asubuhi nani anapanda mlima, mzima kama fahali? Semboja! Habari zilimfikia kitandani, akatupa blanketi. Na hakupanda peke yake. Alipitia kwa Mfumwa kwanza, na sasa Mfumwa anakuja nyuma yake na wazee wake wote.

"Mfumwa," anasema Semboja, amenyoosha mkono, "hii ndiyo kazi yangu. Niliwaelekeza nikiwa kitandani. Nilituma maneno usiku na mchana. Mwamba ule niliuchagua mimi."

Watu wakamtazama Nakijwa. Mbele yake amesimama mtu aliyemzika kaka yake mara mbili, mara ya kwanza kwa maji na ya pili kwa uongo, na sasa anakuja kumchukulia hata mwamba.

"Ni kweli, Mfumwa," akasema Nakijwa taratibu. "Ni kazi ya bwana nyapara. Basi atufungulie maji kwa mkono wake mwenyewe. Anajua namna."

Semboja akavimba. Akatembea juu ya ukuta. Akalipita lango dogo bila kulitazama. Akalifikia kubwa. Kundi zima likavuta pumzi. Nakijwa angeweza kusema. Neno lilikuwa mdomoni, dogo kwanza, maneno mawili. Akayaacha yakae.

Semboja akalikumbatia gogo, akalivuta.

Maji hayakumuuliza urefu wake. Yalimchukua yeye na gogo lake, yakamgeuza juu chini, yakamshusha mferejini anapiga kelele kwa sauti ile ile kubwa, mpaka tope likamjaa kinywani na sauti ikaisha. Na nyuma yake maji yakaanza kuung'ata ukuta. Donge likadondoka. La pili. La tatu.

Nakijwa alikuwa amesimama, anatazama kichwa cha Semboja kinazama na kuibuka. Hakupiga hatua.

Na hakuna aliyemngoja!

"Dogo! Dogo!" alikuwa Sangiwa, anakimbia kwa mguu wake mfupi, na watu sita wameshafika kabla yake wanang'oa lango dogo. "Udongo huku!" alikuwa Bibi Namkunda, ameshaingia kwenye pengo, na Fue mbele yake amegeuza mgongo kuwa ukuta. Vikapu vikapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyepewa amri, hakuna aliyeuliza. Na Kiondo, mchekeshaji Kiondo, alikuwa ameshavua nguo, anakimbia kando ya mfereji, akajitupa majini. Akamshika Semboja ndevu. Akamvuta mpaka majanini, akamlaza kifudifudi, akamkandamiza mgongo mpaka tope likatoka.

Ukuta ukasimama. Maji yakatulia, yakaingia mferejini kwa adabu, yakashuka. Chini kabisa bondeni zikasikika vigelegele.

Semboja akaketi, analia kama mtoto. Wakampa kanga ajifunike, akaondoka nayo. Alikwenda kwa wakwe zake ng'ambo ya mlima, na Milongwe haikumwona tena.

Mfumwa Kadeghe alikuwa ameona kwa macho yake. Akauliza, "Nani mkubwa wa kazi hii?"

Sangiwa akamwonyesha Namkunda. Namkunda akamwonyesha Kiondo. Fue akamwonyesha Sangiwa. Mfumwa akageuza kichwa huku na huku kama mtu anayefukuza nzi. Mwisho akamtazama Nakijwa.

"Wewe ndiwe. Naona. Kuanzia leo wewe ni nyapara wangu. Furahi basi! Mbona umenuna? Maji yamefika."

"Maji yamefika, Mfumwa," akasema Nakijwa. "Mbonea hakufika."

Wazee wakashtuka. Mmoja akamvuta kanga, aache. Hakuacha.

"Alijua tangu siku ya kwanza. Alisema mara tatu. Semboja alimcheka, hawa wakamcheka, mimi nikamnyamazisha. Hilo nitakufa nalo. Lakini wewe, Mfumwa, ulipokuja kwenye maiti yake, ulituona tumesimama thelathini na tisa, ukamuuliza mmoja. Yule yule. Sasa unataka kuniweka mimi mahali pake, ili kesho uniulize mimi peke yangu. Sitaki! Mimi nami nimepiga kelele juzi. Mimi nami nimeona mtu anakwenda kufa leo, nikayabana maneno mawili mdomoni. Aliyemtoa ni Kiondo. Ukiniweka juu yao peke yangu, ipo siku nitamkatisha mtu mwingine."

"Unataka nini?" Sauti ya Mfumwa ilikuwa imepungua.

"Kaa chini."

"Wapi?"

"Hapa. Topeni. Uwasikilize mmoja mmoja, mpaka mwisho wa neno lake. Ukimkatisha hata mmoja, tunashuka sote, na ukuta utabaki na wewe."

Haa! Mfumwa hakuwahi kuambiwa hivyo tangu kuzaliwa. Akatazama ukuta. Akatazama tope. Akawatazama watu waliojaa udongo mpaka nyusi. Kisha, jamani, Mfumwa Kadeghe akakusanya shuka lake, akakaa.

Jua likapanda, likapita kichwani, likainama. Mmoja akasema habari ya kibanda cha wagonjwa. Mwingine akasema habari ya zamu za maji, ili wa chini wasikauke. Mwingine alisema jambo la kipuuzi kabisa, na Mfumwa akalisikiliza hilo nalo mpaka mwisho. Wazee walisinzia, wakaamka, wakasinzia.

Wa mwisho alikuwa Mche, yule mama kimya. Alisimama, akakunja vidole. Alichukua muda mrefu kuanza. Mtu mmoja akakohoa kwa kukosa subira, na Nakijwa akamgeukia kwa jicho ambalo lilimkausha koo.

"Mwamba," akasema Mche. "Jiwe lile nililoliweka juzi... sikukosea. Niliweka makusudi. Chini yake, kwenye mwamba, kuna ufa. Mwembamba. Nilitaka kuuziba."

Watu wote wakageuka kumtazama Nakijwa. Yeye aliyeamuru lile jiwe litolewe. Hasira yake yote aliyokuwa nayo, haikumsaidia hata kidogo hapo. Akajilazimisha kunyanyua uso.

"Uko wapi, mama Mche?" akauliza.

"Nitawaonyesha," akasema Mche. Akatangulia. Nyuma yake akafuata Nakijwa, nyuma ya Nakijwa akafuata Mfumwa, shuka lake linaburuta tope, na nyuma ya Mfumwa watu wote waliobaki.

Hadithi imetoka?

— Imetoka!

Imefunga mlango?

— Imeuacha wazi!

Basi iacheni iende. Aliyefurahi aichukue. Aliyekasirika aichukue zaidi, aende nayo kazini kwake kesho. Mimi nimesema mpaka mwisho, na hamkunikatisha.